Dereva kwa Miaka Kumi na Saba, Asiyejua Kurudi Nyuma

Saa moja na nusu asubuhi jua limeshaanza kuchoma, na Leopoldo Dimaculangan amekaa kwenye kiti cha dereva cha lori la trela ambalo bado halijawashwa. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Mguu wa kushoto anaugongesha sakafuni, pembeni mwa klachi, taratibu na bila kuacha, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuupita.

Kwenye kivuli cha ukuta, wanafunzi watano wa shule hii ya udereva iliyo nje kidogo ya jiji la Batangas wanakunywa kahawa nyeusi kwenye vikombe vya plastiki. Wote wangeweza kuwa watoto wake. Mmoja anapaza sauti akimwita kuya, yaani kaka mkubwa: "Kuya Mguu! Leo usishuke!" Wenzake wanaangua kicheko. Leopoldo, ambaye watu wote wanamwita Polding, anatabasamu bila kugeuza shingo.

"Waache wacheke," anasema. "Kama mimi ningekuwa wao, ningecheka mpaka nianguke."

Leo anarudia mtihani wa trela. Wa kwanza alishindwa wiki tatu zilizopita, mbele ya vijana hawa hawa. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza juu ya pikipiki ya kibanda, ile ambayo abiria hukaa ubavuni, katika mji wa San Telmo. Anaujua kila uchochoro wa mji ule. Lakini katika miaka yote hiyo hajawahi kurudi nyuma kwa injini hata siku moja.

"Pikipiki ile haina gia ya nyuma," anaeleza. "Ukitaka kurudi unateremsha mguu chini unaisukuma. Wote tunafanya hivyo. Kwenda mbele injini, kwenda nyuma mguu."

Na trela, bahati mbaya, karibu yote ni habari ya kurudi nyuma. Kwenda mbele na kontena la futi arobaini hata mlevi anaweza, anasema mwalimu wake, Mang Ruping. Kuliingiza kinyumenyume kwenye nafasi yenye upana wa mlango wa kanisa ndiko kunakomtenga dereva na mtu aliyekaa tu kwenye kiti cha dereva.

Mambo ya Polding yalianza kwenda mrama mwaka juzi, soko la San Telmo lilipohamishiwa ng'ambo ya barabara kuu, ambako pikipiki za kibanda haziruhusiwi kuvuka. Abiria wake walikuwa wanawake wa mboga na samaki, wenye vikapu. Walihama na soko. Mapato yake, baada ya kutoa mafuta, yakashuka kutoka peso mia sita kwa siku hadi chini ya mia tatu. Siku za mvua hakupata hata ya mafuta.

Akawa anakaa kijiweni akitazama malori ya bandarini yakipita. Anakiri kwamba mwanzoni hakuwa na wazo lolote la maana. Alikuwa anayahesabu tu kupoteza muda.

"Siku moja lori lilisimama, dereva akashuka kununua sigara," anasimulia. "Mzee kabisa, ana kitambi, anachechemea. Nikasema, kumbe huyu ndiye anayeendesha dude lile? Nikamuuliza, Kuya, wanakulipa ngapi? Akanitajia. Siku ile sikuhesabu tena lori hata moja."

Kiasi alichotajiwa kilikuwa peso elfu ishirini na nane kwa mwezi, pamoja na posho za safari. Kijiweni Polding alikuwa hafikishi elfu tisa.

Mkewe, Rosenda, aliyezoeleka kwa jina la Senda, alikuwa na kibanda chake cha kuuza lomi, tambi nzito za mchuzi ambazo watu wa Batangas hula asubuhi mpaka usiku. Aliposikia habari za trela aliendelea kukoroga sufuria.

"Nilimwambia, wewe mtu wa kuogopa ngazi ya kupandia darini, leo unataka kupanda lori?" anakumbuka Senda. "Akanuna siku mbili. Siku ya tatu nikaona ameanza kuuliza bei za shule. Nikajua hapo hashikiki."

Kuuliza bei za shule kulimchukua Polding miezi mitatu. Njia zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, na kila moja ilikuwa na wa kuisifia.

Binamu yake alimshauri aachane na shule kabisa, aanze kama utingo. Hivyo ndivyo madereva wengi wa hapa walivyoanza. Unabeba mizigo, unaosha magurudumu, unampelekea dereva chakula, na usiku barabara ikiwa tupu anakuachia usukani. Baada ya miaka mitatu au minne unakuwa dereva. Polding alipiga hesabu ya umri wake, akashika kiuno chake kinachomuuma kila asubuhi, akamshukuru binamu.

Kisha akatokea kishoka, kijana nadhifu mwenye mkoba, nje ya ofisi ya leseni. Yeye alikuwa na cheti cha siku tatu. Polding akamuuliza siku hizo tatu anajifunza nini.

"Akaniambia, 'Kujifunza nini tena, Kuya? Wewe si dereva tayari?'" Polding anaiga sauti ya kishoka, akijikuna kidevu. "Nilikaribia kumpa pesa, usione hivi. Maneno yake yalikuwa matamu. Ila nikajifikiria niko juu ya mlima huko Bikol, mvua inanyesha, kontena liko nyuma, na cheti kiko mfukoni. Cheti kitashika breki?"

Mafunzo ya bure ya serikali yalikuwepo, lakini waliojiandikisha kabla yake walikuwa wengi mno. Zikabaki shule mbili za kulipia. Ya kwanza ilitoza peso elfu kumi na nne. Ilikuwa na bango kubwa, dada mwenye sauti nzuri mapokezini, na lori jekundu la trela limeegeshwa mbele ya jengo, linang'aa.

Polding alilizunguka lori lile. Chini ya trela, kati ya magurudumu ya nyuma, akakuta kuku amelalia mayai.

"Nikachuchumaa nikamtazama. Ametulia kabisa, hana wasiwasi," anasema. "Kwetu nyumbani tunafuga. Kuku hatagi mahali panapotikisika. Nikamuuliza yule dada, huyu kuku ni wa nani? Akasema, 'Wa mlinzi, Kuya, usimsogelee, anadonoa.' Nikasema ahsante, nitarudi. Sikurudi."

Shule ya pili ndiyo hii. Ilitoza peso elfu ishirini na mbili na mia tano, haikuwa na bango la maana, na ofisi yake ilikuwa kontena kuukuu lililokatwa madirisha. Polding hakuingia ndani. Aliegesha pikipiki yake nje ya uzio wa waya akatazama asubuhi nzima, mpaka mlinzi akamshuku. Aliwaona wanafunzi wakirudi nyuma, wakipinda vibaya, wakisogea mbele, wakirudi tena. Mmoja aligonga pipa, pipa likabiringika mpaka uzioni karibu na miguu ya Polding. Mwalimu, mzee mwembamba mwenye taulo shingoni, alisema neno moja tu: "Tena."

"Hapo ndipo nilipochagua," anasema Polding. "Nikaona hapa mtu anaruhusiwa kukosea."

Kuchagua ni jambo moja, kulipa ni jambo jingine. Benki hazikopeshi mtu wa pikipiki ya kibanda asiye na hati ya nyumba, na wakopeshaji wa mtaani wanajulikana kwa riba zao. Polding alikuwa na upatu. Watu kumi na watano wa mtaa wao walikuwa wakichanga peso elfu moja na mia tano kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anazoa zote. Ada ya shule ililingana kabisa na mkupuo mmoja wa upatu. Shida ni kwamba zamu ya Polding ilikuwa ya kumi na tatu, na upatu ndio kwanza ulikuwa umeanza.

Zamu ya pili ilikuwa ya jirani yao, Aling Pacing, mjane wa miaka sitini na minane, ambaye alikuwa akiisubiri ili atengenezewe meno ya mbele. Meno yake ya zamani yalivunjika akila muwa kwenye harusi, na tangu hapo alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Na ni mtu wa kucheka sana.

Polding alimwendea jioni moja na bakuli la lomi alilofunga Senda. Hakujua aanzie wapi. Aling Pacing alikula kwanza, polepole, kisha akamtazama.

"Lomi ya bure hii ina neno ndani yake," alisema. "Sema."

Polding akasema. Alimwomba wabadilishane zamu, yeye achukue ya pili na bibi achukue ya kumi na tatu.

"Yaani mimi nikae kibogoyo mwaka mzima ili wewe uendeshe lori?"

"Ndiyo, Aling Pacing."

"Na ukishindwa?"

Polding anasema jasho lilimtoka mpaka kwenye magoti. Aling Pacing alifuta mdomo, akamwambia kwamba marehemu mumewe aliwahi kutaka kwenda kufanya kazi melini, na yeye akamkatalia, na yule bwana hakumlaumu hata mara moja mpaka anakufa. "Afadhali angenilaumu," alisema. "Chukua zamu. Lakini ole wako nikuone umerudi kijiweni umekunja miguu."

Ada ikalipwa yote siku moja. Kilichobaki ni pikipiki yenyewe. Chama cha kijiwe cha San Telmo kina sheria ambayo haina huruma: namba ya kibanda isiyoonekana kwenye foleni kwa nusu mwezi hupewa mtu mwingine, na wanaosubiri namba ni wengi. Mafunzo yalikuwa ya zaidi ya mwezi. Namba 47, ambayo Polding aliipata kwa taabu miaka kumi na saba iliyopita, ingepotea.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu mtu wa nyumba moja kushika namba. Senda ana leseni ya pikipiki tangu alipokuwa msichana wa kuchukua samaki bandarini. Akafunika sufuria ya lomi, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kupanga foleni katikati ya wanaume.

"Siku ya kwanza walinitania mpaka mchana," anasema Senda. "Mara 'Mama, hii si sufuria, usiikoroge.' Mara 'Mama, lomi mbili na chupa ya soda.' Mchana nikawauliza, nani kati yenu ameshapata safari sita kama mimi?"

Wanawake wenye watoto na wazee wanaokwenda zahanati walimpenda kwa sababu hakimbizi na hapigi honi ovyo. Mwisho wa wiki ya pili alikuwa anaingiza peso mia nne kwa siku, zaidi ya mumewe na zaidi ya lomi.

Huko shuleni, mumewe alikuwa na yake. Siku ya kwanza ya kurudi nyuma, Mang Ruping alimwambia, "Haya, rudi." Polding akatoa gia, akafungua mlango, akateremsha mguu wa kushoto kutafuta ardhi. Ardhi ilikuwa zaidi ya mita moja chini. Alining'inia kwenye mlango kwa mkono mmoja, na darasa zima likapiga kelele. Jina la Mguu lilizaliwa hapo.

"Nimefundisha miaka mingi," anasema Mang Ruping, huku akijifuta uso kwa taulo lake. "Nimeona wanaokanyaga mafuta badala ya breki. Nimeona mtu ameegemea honi akidhani ni mkono wa kiti. Lakini mtu anataka kusukuma trela kwa mguu, huyo ndiye wa kwanza."

Mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Alizoea kuwa na kibanda upande wa kulia, kwa hiyo aliacha nafasi kubwa kulia na kupanda mstari wa kushoto. Kwenye kona alilalia upande mmoja kana kwamba mwili wake ungesaidia kitu. Na usukani wa trela ukirudi nyuma unamtaka mtu apeleke kulia kile anachotaka kiende kushoto. Polding alilijua hilo kichwani siku ya pili tu. Mikono ilichukua muda mrefu zaidi, na mguu haukukubali kabisa.

Siku ya mtihani wa kwanza alikwenda vizuri mpaka nusu ya kazi. Trela likaanza kujikunja. Aliona kwenye kioo cha kushoto ubavu mzima wa kontena unamjia, akashikwa na woga, na mguu wake ukaachia klachi ukaenda kutafuta ardhi. Lori likaruka kinyumenyume, likagonga pipa, likazimika. Mtahini aliandika kwenye karatasi neno linaloandikwa kwa wote wanaoshindwa hapa: bado.

Kurudia ni peso elfu mbili na mia tano. Polding hakuwa nazo, na anasema hata angekuwa nazo asingerudia. Ndani ya gari la abiria la kurudi San Telmo alikuwa ameshaamua. Angechukua pikipiki yake, angekaa kijiweni, angelipa upatu mpaka mwisho, na habari ya malori ingeishia hapo. Naye angemkwepa Aling Pacing kwa kupitia nyuma ya kanisa.

Alimkuta Senda kijiweni, wa tatu kwenye foleni, anakula karanga. Madereva wenzake wa zamani wanaisimulia habari hii mpaka leo, na kila mmoja ana namna yake, lakini maneno yenyewe wote wanakubaliana.

"Nimeshindwa," Polding alisema.

"Nimesikia." Kijana mmoja wa darasa la Polding ni mtoto wa mteja wa lomi wa Senda.

"Basi nipe ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa pikipiki, Senda. Nimalizie foleni, wewe kapumzike."

"Mimi nimekuambia nimechoka?"

Madereva wakaanza kusogea. Mwenyekiti wa kijiwe, Kuya Dencio, akazima redio ili asikie vizuri.

"Senda, usinitanie mbele za watu."

"Sikutanii. Namba 47 iko kazini. Wewe kazi yako iko kule, na umeiacha nusu." Akamenya karanga nyingine. "Kama unataka kwenda nyumbani, panda. Nauli peso kumi na tano."

"Akapanda?" Kuya Dencio anauliza mwenyewe anaposimulia, kisha anajijibu mwenyewe. "Alikuwa na la kufanya? Alipanda akakaa kwenye kibanda chake mwenyewe kama bibi harusi. Na sisi tulivyo wajinga, tukampisha Senda atoke kabla ya zamu yake."

Polding anathibitisha. "Nilitoa peso ishirini. Chenji hakunipa," anasema. "Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilikuwa naona aibu mpaka natamani mvua inyeshe watu waingie ndani. Halafu tulipofika, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa. Pesa za kurudia zilikuwa mle. Alikuwa ameanza kuziweka tangu wiki ya kwanza."

Mwandishi alipomuuliza Senda kwa nini aliweka pesa za kurudia mtihani ambao mumewe alikuwa hajaufanya, alionekana kushangazwa na swali.

"Kwa sababu namjua," alisema. "Polding hajawahi kufanya kitu kikakubali mara ya kwanza. Hata kuniposa alikuja mara mbili."

Wiki tatu zilizofuata Polding alizitumia kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa, mahali ambapo kila kitu cha San Telmo hufanyika, kuanzia misiba mpaka uchaguzi. Aliunganisha mikokoteni miwili ya kubebea maji kwa kipande cha bomba, akachora nafasi kwa chaki chini ya goli, akawa anaisukuma kinyumenyume kuanzia mchana mpaka wachezaji wanapofika na kumfukuza.

Aling Pacing, ambaye hakukwepeka hata kwa kupitia nyuma ya kanisa, alileta kiti chake akakaa pembeni. Ndiye aliyekuwa akipiga kelele za kulia na kushoto, na mara nyingi alikosea, kwa kuwa yeye alikuwa amemwelekea.

"Nilimwambia, Aling Pacing, kulia kwako ni kushoto kwangu," anasema Polding. "Akaniambia, 'Basi usinisikilize, angalia mwenyewe.' Nikaona kweli. Nilikuwa nasikiliza kila mtu. Mwalimu, vijana, watu wa mitaani. Nikaanza kuangalia kona moja tu ya mkokoteni wa nyuma. Ikienda vibaya, nasimama. Nasogea mbele. Naanza upya. Hakuna anayenifukuza."

Kuhusu mguu, Mang Ruping alimpa dawa aliyoifikiria kwa siku kadhaa. Alimwambia kila mguu unapotaka kutoka, aukanyagishe sakafuni, kwa nguvu, auonyeshe kwamba ardhi ndiyo hiyo. Ndiyo maana leo, tangu saa moja, Polding anagonga sakafu.

Mtahini anafika saa mbili kasorobo. Ni mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, na hana mazungumzo. Anaonyesha kwa kidole: mbele mpaka mwisho wa uwanja, kisha nyuma, kwa kupinda, mpaka kwenye nafasi iliyo kati ya safu mbili za koni. Inaruhusiwa kusimama na kujirekebisha. Hairuhusiwi kugusa kitu.

Lori linawaka. Vijana wanaweka vikombe chini kivulini. Mang Ruping amegeuka anatazama upande mwingine, kuelekea barabarani, kama mtu anayesubiri gari.

Polding anakwenda mbele mpaka mwisho, anasimama, anaweka gia ya nyuma. Trela linaanza kuingia kwa ulaini, kona ya nyuma inafuata njia yake. Kisha, karibu na mahali pale pale pa siku ile, linaanza kujikunja. Kutoka nje inaonekana wazi: ubavu wa kontena unakuja, kichwa cha lori kinabanwa.

Lori linasimama. Kutoka ndani kinasikika kishindo kimoja kizito cha mguu kwenye sakafu, halafu kingine. Mlango haufunguki.

Linasogea mbele, polepole sana, mpaka linyooke. Linarudi tena. Linasimama tena, linasogea mbele kidogo. Mmoja wa vijana ananong'ona kwamba muda utaisha, mwenzake anampiga kiwiko. Mara ya tatu trela linaingia kati ya koni, linaendelea kuingia, mpaka magurudumu ya nyuma yanafika kwenye mstari, na breki za upepo zinatoa ile pumzi yao ndefu.

Mtahini anakwenda nyuma, anainama, anakagua koni moja baada ya nyingine. Anaandika. Anaandika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa maoni ya kila mtu aliyepo. Kisha anakwenda chini ya dirisha la dereva.

"Bwana Dimaculangan, shuka," anasema. "Umefaulu. Ila nyumbani kwako usiegeshe hivi, majirani watalala njaa wakikusubiri."

Vijana wanapiga kelele, wanakuja mbio, wanampiga mgongoni. Hakuna anayemwita Mguu kwa dakika kadhaa. Mang Ruping anamshika mkono, anautikisa mara moja, kisha anamwita mwanafunzi anayefuata kwa ukali.

Polding anakaa kwenye ngazi ya lori. Kampuni moja ya usafirishaji karibu na bandari ilimwahidi nafasi akipata cheti. Ataanza Jumatatu, miezi miwili ya mwanzo na dereva mzoefu pembeni yake, kupeleka chakula cha mifugo Bikol. Anataka, mshahara wa kwanza ukitoka, aling'oe lile paa la kibanda cha pikipiki linalovuja, aweke jipya, na viti vya ngozi. Namba 47 haimo tena kwenye mipango yake. Anaitaja kama mali ya mtu mwingine.

"Ile ya Senda," anasema. "Mimi nitakuwa fundi wake tu, siku za mapumziko. Akikubali."

Anapiga simu. Haipokelewi. Anapiga tena. Mara ya tatu inapokelewa, na sauti ya pikipiki inasikika mpaka kwetu tulioketi pembeni.

"Nina abiria watatu," Senda anafoka. "Sema haraka."

"Nimefaulu."

Pikipiki inaendelea kunguruma kwa muda, kisha inapungua, kisha inazimwa. Honi ya gari inalia kwa mbali na kupita. Polding anabana simu sikioni.

"Senda? Umesikia?"

"Nimesikia," anajibu. "Nimesimama kando ya barabara. Abiria wananiuliza nalia nini."